Kistari si Sifuri

Kwa miaka tisa nimekuwa karani wa kumbukumbu katika kituo kimoja cha afya cha shamba, hapa Unguja. Kazi yangu ni daftari. Mgonjwa akishatoka kwa daktari namwandika: tarehe, umri, shehia anayotoka, maradhi yaliyomleta, dawa aliyopewa. Jioni najumlisha. Mwisho wa mwezi jumla zinakwenda wilayani, na kutoka wilayani zinakwenda wizarani. Siku ambayo safu ya kuharisha haina mtu, nilikuwa napiga kistari. Mstari mfupi wa kalamu, nafunga daftari, nawahi daladala ya kurudi mjini.

Sikujua kwamba ipo siku vistari vile vitanirudia, darasani, mbele ya wenzangu, na kunionesha nilichokuwa nikikifanya.

Mwaka juzi nilianza masomo ya jioni ya shahada ya uzamili. Muhula wa pili tukaingia somo la modeli za utabiri. Kwa asiyelijua, somo hili linafundisha namna ya kuifanya kompyuta iangalie yaliyopita ili ikisie yajayo. Unaipa miaka ya nyuma ya mvua, joto na idadi ya wagonjwa. Inatafuta namna mambo hayo yanavyofuatana. Kisha unaiuliza, mwezi ujao tutarajie nini? Mvuvi wa Nungwi hufanya hivyo hivyo anapoutazama mwezi na upepo kabla ya kushusha ngalawa yake. Ila mvuvi ameona mengi kuliko anayoweza kuyasema. Kompyuta haijaona kitu. Ina kile tu ulichoiandikia.

Elimu hii sasa imetufuata nyumbani. Mwaka 2023 IIT Madras ya India ilifungua kampasi yake Bweleo, ya kwanza ya vyuo vya IIT nje ya India, na ilianza kwa kufundisha sayansi ya data na akili mnemba, shahada ya kwanza na ya uzamili. Mimi nilisoma kwengine, lakini kila nikipita njia ya Fumba nikawaona vijana na mikoba yao, nafurahi kwa dhati. Watoto wetu watajifunza kuunda mashine za kutabiri hapa hapa kisiwani. Nataka kuwaambia wao, na wanaowasomesha, na wanaopanga bajeti zetu, neno moja nililolipata kwa shida: utabiri wa kisiwa hiki hautaushinda ukweli wa madaftari yake, na madaftari hayo wanayajaza watu ambao hawajawahi kuelezwa yanakwenda kufanya nini. Nasema hivyo kwa sababu mimi ni mmoja wao.

Kila mwanafunzi alitakiwa kutafuta data yake mwenyewe. Wenzangu walichukua watalii, umeme, bei ya samaki. Mimi niliomba ruhusa ya kutumia madaftari ya kituo changu: miaka sita, siku 2,191, na wagonjwa wa kuharisha wa kila siku, idadi tu, bila jina la mtu. Nikaongeza takwimu za mvua na joto. Miezi miwili nilikaa usiku chumbani kwangu Malindi, picha za kurasa zimo kwenye simu, nikiingiza namba moja moja mpaka adhana ya alfajiri. Hati ilikuwa yangu. Niliweza hata kujua siku niliyoandika kwa haraka na siku niliyoandika nikiwa nimetulia.

Modeli yangu ya kwanza ilinipa furaha ya siku moja. Ilipatia karibu kila siku niliyoijaribu. Mhadhiri akauliza nimezigawa vipi siku za kuifundisha na siku za kuipima. Nikamwambia nimezichanga zote kama karata, kisha nikachota. Akanyamaza kidogo.

“Dada yangu,” akasema, “umeifundisha Jumanne na Alhamisi, halafu ukaiuliza Jumatano. Huko si kutabiri. Ipe miaka mitano ya mwanzo, kisha iulize mwaka wa sita, ambao haijauona.”

Nikafanya alivyosema, na modeli iliyokuwa hodari ikawa dhaifu. Ilikuwa imekariri, kama mtoto aliyehifadhi majibu ya mtihani wa mwaka jana. Ukibadilisha swali neno moja, amepotea. Haikuizidi sana hesabu ya mtu mvivu, ile inayosema wiki ijayo itakuwa kama wiki hii. Mhadhiri alitufundisha kuanza na hesabu hiyo ya mvivu kila mara, maana kompyuta isiyoweza kuishinda haifai kumshauri mtu.

Hata hivyo, kulikuwa na jambo moja ambalo modeli ililishikilia kwa nguvu. Nilichora grafu: mvua ikipanda, wagonjwa wanashuka, siku za mvua kubwa kabisa, wagonjwa hakuna. Nikasimama mbele ya darasa nikaeleza kwamba mvua kubwa inapunguza maradhi ya kuharisha, labda kwa sababu siku hizo watu wanakinga maji ya mapaa na kuacha ya visima. Nilikuwa na mchoro, nilikuwa na namba, nilikuwa na maelezo yanayosikika vizuri.

Mhadhiri akaniuliza swali moja tu. “Siku hizi za mvua kubwa, kituo kilifunguliwa?”

Nilihisi damu ikinipanda usoni, kwa sababu nilizikumbuka siku zile. Njia ya kwenda kituoni inapita bondeni. Masika yakikaza, bonde linajaa maji, daladala zinaishia barabara kuu, na wagonjwa hawaji. Mara nyengine mimi mwenyewe sikufika. Kesho yake nikiikuta jana iko tupu, napiga kistari. Siku tuliyoshinda kutwa bila mgonjwa hata mmoja wa kuharisha, nilipiga kistari. Siku ambayo mlango haukufunguliwa, nilipiga kistari kile kile. Na nilipokuwa nikiingiza data, vistari vyote nikavigeuza sifuri. Kompyuta haikukosea. Ilijifunza kwa uaminifu nilichoifundisha: mvua ikinyesha sana, huku kwetu hakuna anayeumwa.

Wiki tatu zilizofuata nilivifuata vistari kimoja kimoja. Nilifungua leja ya dawa: pakti ya ORS, ile dawa ya kuchanganya na maji anayopewa mwenye kuharisha, ikiwa imetoka tarehe hiyo, basi kituo kilikuwa wazi na kuna mtoto aliyeharisha, hata kama safu yangu ina kistari. Nilifungua daftari la mahudhurio ya wafanyakazi. Nikatazama tarehe za sikukuu na za semina. Vistari vingi vikapata maana yake. Vingine mpaka leo sijui vilikuwa nini. Huenda siku hizo hakuna aliyeumwa. Huenda mama alifika ukingoni mwa maji na mtoto mgongoni, akatazama, akageuka.

Siku ambazo kituo hakikufunguliwa nilizitoa kwenye hesabu, na zile nisizozijua nikaziandika kuwa sizijui. Modeli ikabadilisha kauli. Siku yenyewe ya mvua haikusema lolote la maana, lakini wiki zilizoifuata ziliongeza wagonjwa. Haukuwa ugunduzi. Watafiti walishaliona jambo la namna hiyo hapa hapa Zanzibar. Mwaka 2011 Rita Reyburn na wenzake walichapisha uchambuzi wao wa kipindupindu cha visiwa hivi kwa njia ya modeli. Waliona kwamba joto likiongezeka nyuzijoto 1, wagonjwa wa kipindupindu huongezeka mara 2 baada ya miezi 4. Na mvua ikiongezeka milimita 200, huongezeka mara 1.6 baada ya miezi 2.

Zitazame namba hizo kwa jicho la mtu wa kituoni. Miezi miwili ni muda wa kuagiza ORS na dripu, kutia klorini visimani, na kupita nyumba kwa nyumba pamoja na sheha kabla mtoto wa kwanza hajaumwa. Elimu kama hiyo inaokoa watu. Nayo ilipatikana kwa sababu kila mgonjwa aliyemo katika hesabu ile alihesabiwa na mtu fulani, mahali fulani, siku aliyokuja. Hesabu hiyo ikivurugika chini, juu hakuna wa kuitengeneza. Ninajua vistari vyangu vilikwenda wapi. Viliteremsha jumla ya mwezi, na dawa huagizwa kwa kuangalia matumizi ya nyuma. Mimi mwenyewe sikujua namba zangu zinaamua nini, wala sikuwahi kuuliza.

Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Maradhi nayo bila daftari hurudi bila habari. Daktari James Christie, aliyekuwepo hapa mjini kipindupindu kilipotuingia mwaka 1869, alilielewa hilo. Kitabu chake kuhusu kipindupindu cha Afrika Mashariki, kilichochapishwa London mwaka 1876, kimejengwa kwa kufuatilia tarehe na njia: maradhi yalionekana wapi, lini, na yalisafiri vipi na misafara ya bara na vyombo vya pwani. Alikuwa na kalamu, na subira ya kuwauliza watu walioona.

Somo lililonikaa zaidi, hata hivyo, nilipewa na mama yangu, Jambiani.

Mama ni mkulima wa mwani. Kilimo hicho kilianza kwetu kibiashara mwaka 1989, Paje na Jambiani, na mpaka leo wengi wanaokifanya ni wanawake. Kinakwenda na bamvua: mwezi ukiandama na ukitimia, maji yanakupwa sana, kina mama wanashuka mashambani, maji yakiwa mafu, wanakaa. Ijumaa moja nilimkuta barazani akifunga mbegu kwenye kamba, nikamhadithia habari ya vistari na aibu niliyoipata. Akafuta mikono, akaingia ndani, akarudi na daftari la skuli ambalo jalada lake limeliwa na chumvi.

Mama alijifunza kuandika ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima. Tarehe zake ni za miezi yetu ya Kiislamu, kwa sababu bahari inafuata mwezi. Nilisoma:

Mfunguo Tano, mwezi 14. Nimeshuka. Kamba 20. Sikupata, umeoza.

Mfunguo Tano, mwezi 16. Sikushuka. Homa.

Rajabu, mwezi 2. Nimeshuka. Kilo 31 kavu.

Kurasa kwa kurasa. Nikamuuliza, “Mama, hapa uliposema hukushuka, si ungepaacha patupu tu?”

Akanitazama kama ninayemuuliza kwa nini anafunga mlango usiku. “Nikipaacha patupu, mwanangu, mwakani nitajuaje kama bahari ilininyima au mimi sikuiendea?”

Nimesoma vitabu vinene vya takwimu vinavyotumia sura nzima kueleza jambo hilo. Sijaona kilichosema vizuri zaidi. Bahari ikikunyima, hiyo ni sifuri: ulikwenda, ulitazama, hukupata. Usipoiendea, hiyo haina namba. Mama analijua hilo kwa sababu daftari ni lake, na yeye ndiye atakayelisoma. Kwa daftari lile aliona kwamba kotonii, mwani wenye bei nzuri, ulikuwa ukimfia zaidi miezi ya joto, akauacha mapema akabaki na spinosamu. Watafiti wa mwani wa Zanzibar, Dk. Flower Msuya akiwa mmoja wao, wameeleza kwa miaka mingi namna kuongezeka kwa joto la maji kunavyoua kotonii. Mama hakuwa na kipimajoto. Alikuwa na maneno mawili, nimeshuka na sikushuka, na hakuyachanganya.

Daftari likiwa refu, linaona mbali zaidi. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikaangusha mikarafuu na kuharibu meli za Sultani Sayyid Barghash. Pemba ilinusurika kwa sehemu kubwa, na hiyo ni sababu mojawapo iliyofanya ukulima wa karafuu kuelemea huko. Modeli iliyofundishwa kwa miaka sita tu, ukiiuliza, itakwambia kimbunga hakiji Unguja. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipofika Mafia na safari za boti kati yetu na Dar es Salaam zikasimamishwa, nilisikia watu barazani wakisema haijawahi kutokea. Imewahi kutokea, na tunajua kwa sababu imeandikwa. Ndiyo maana naithamini sana kazi ya kimya ya wanaopima kina cha maji bandarini kwetu tangu 1984. Kina cha siku moja hakimshangazi mtu. Kina cha miaka arobaini kinatwambia bahari inakwenda wapi.

Nitaambiwa kwamba haya yatakwisha, karatasi zinaondoka na tableti zinakuja. Nimeitumia tableti. Fomu inakudai namba ndipo ikufungulie ukurasa unaofuata, na karani aliyechoka, foleni iko mlangoni, anaandika 0 ili apite. Kistari changu angalau kilikuwa kinatia shaka. Sifuri ya namna hiyo haitii shaka hata kidogo. Wakubwa wa dunia pia wamejikwaa kwa kuamini namba za mashine. Mwaka 2008 Google walianzisha mashine ya kukisia homa ya mafua kwa kuhesabu yale ambayo watu wanayatafuta kwenye intaneti. Katika msimu wa 2012 na 2013 nchini Marekani ilikisia wagonjwa karibu mara mbili ya waliokuwepo. Kosa hilo lilijulikana kwa sababu kliniki za kawaida, na makarani wao, ziliendelea kuandika nani amekuja. Data ya mamilioni ya watu ilisahihishwa na daftari la mlangoni.

Kwa hiyo naomba mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji mkopo.

La kwanza, kila fomu ya kila siku, iwe ya karatasi au ya kioo, ya kituo cha afya, ya diko la samaki au ya kituo cha kupimia mvua, itenganishe mambo matatu: tulihesabu tukapata kadhaa, hata kama ni sifuri; hatukufungua; tulifungua lakini hatukuandika. Alama tatu. Karani atazizoea kwa wiki moja.

La pili, namba zirudi kwa aliyeziandika. Ofisi yoyote inayokusanya takwimu imrejeshee karani, japo kila miezi mitatu, mchoro mmoja kwa Kiswahili unaomwonesha namba zake zimesema nini na zimebadilisha nini. Mama analinda daftari lake kwa sababu linamrudia. Bwana diko anayeandika samaki wanaoshuka, sheha anayeandika wanaozaliwa na wanaohama, nao wataandika kwa uangalifu ule ule wakijua kwamba kuna anayewasoma.

La tatu nawaelekea walimu wa vyuo vyetu, Tunguu, Bweleo na penginepo. Kabla mwanafunzi wa sayansi ya data hajaunda modeli ya kwanza, akae wiki moja na mtu anayeandika. Akae dikoni Malindi alfajiri, akae kituoni siku ya mvua. Aulize kila alama ina maana gani, na siku ipi haikuandikwa, na kwa nini. Aulize kwa Kiswahili, maana majibu yako kwa Kiswahili. Mimi nilikuwa na bahati ya pekee: mwanafunzi na karani walikuwa mtu mmoja. Nisingekuwa mimi niliyevipiga vistari vile, swali la mhadhiri lisingepata jibu, na utafiti wangu ungesimama mahali fulani leo ukimwambia mpangaji wa dawa kwamba masika ni majira ya afya.

Bado nafanya kazi kituoni. Masika yaliyopita, siku moja bonde lilipojaa, nililala kwa mfanyakazi mwenzangu wa jirani na kituo ili asubuhi tufungue. Tulifungua saa mbili. Mvua haikukatika. Alikuja mzee wa presha, akaja mwanamke mjamzito kwa kipimo, akaja kijana aliyejikata na shoka. Saa tisa na nusu nilijumlisha. Kwenye safu ya kuharisha niliandika 0, kwa wino, duara kamili. Atakayeisoma, leo au baada ya miaka hamsini, ajue kwamba siku ile mlango ulikuwa wazi na kulikuwa na mtu anayetazama.